Nyimbo Zilezile, Bei Mbalimbali: Kuchagua Mkusanyiko wa Roki ya Mwanzo

Anayetaka nyimbo za mwanzo za roki na roli siku hizi hasumbuki kuzipata. Kinachomsumbua ni wingi wa wanaomuuzia. "Tutti Frutti" ya Little Richard, "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry na "Whole Lotta Shakin' Goin' On" ya Jerry Lee Lewis zimo katika mikusanyiko isiyohesabika. Ipo CD inayouzwa bei ya kutupa, ipo ya bei ya kati, na lipo boksi la CD kumi na zaidi ambalo hununuliwa kwa mashauriano ya familia. Ukisoma orodha ya nyimbo nyuma ya majalada, zote zinafanana. Ukizisikiliza, hazifanani hata kidogo.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na wauza vitu ghali hawachoki kutukumbusha. Katika soko hili methali hiyo ina ukweli nusu. Zipo CD za bei chee zenye rekodi halisi za 1955, na zipo za bei ya heshima zenye nyimbo zilizorekodiwa upya miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza ni rekodi ipi unayouziwa.

Sauti ya mwenyewe, lakini si rekodi yenyewe

Chanzo cha utata huu ni mikataba. Mwimbaji akihama kampuni, rekodi zake za zamani hubaki kwa mwajiri wa kwanza. Kampuni mpya nayo inazitaka nyimbo zilizompa jina, basi humwingiza studio aziimbe tena. Jerry Lee Lewis alitoka Sun akaenda Smash mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikatoka albamu ya "Golden Hits". Chuck Berry aliiacha Chess akaenda Mercury, na mwaka 1967 naye akatoa "Golden Hits" yake. Little Richard alirudia nyimbo zake kwa Vee-Jay mwaka 1964. Bill Haley aliirudia "Rock Around the Clock" kwa Warner mwaka 1960, na ndugu wawili wa Everly Brothers wakafanya hivyohivyo na nyimbo zao za Cadence mwaka 1964. Neno la dhahabu juu ya jalada, kama unavyoona, si dhamana ya chochote.

Mtu anaweza kusema: mwimbaji ni yuleyule na wimbo ni uleule, hasara iko wapi? Iko kwenye sauti. Katika studio ya Sun, nyumba namba 706 ya barabara ya Union mjini Memphis, mwenye studio, Sam Phillips, aliipitisha sauti kwenye mashine ya pili ya kanda, ikarudi imechelewa sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana kinanda cha Jerry Lee cha 1957 kinasikika kama kinapigwa na kujibiwa na ukuta. Marudio ya Smash yalirekodiwa Nashville, chumba kingine na mitambo mingine, na ule mwangwi haukusafiri. Vivyo hivyo "Tutti Frutti" ya Septemba 1955: nguvu yake nusu ni koo la Little Richard, nusu ni ngoma za Earl Palmer na saksafoni za New Orleans katika studio ndogo ya Cosimo Matassa. Ukibadilisha wapigaji, umebadilisha wimbo.

Kisa cha Chubby Checker kinawagusa zaidi waliokulia na twist ya Kiafrika ya Daudi Kabaka na wenzake wa Nairobi. "The Twist" iliyotoka kwa lebo ya Parkway mwaka 1960 ilikaa kabatini kwa mwenye haki zake enzi yote ambayo CD zilitawala, na ilirudi rasmi sokoni mwaka 2005 katika boksi la Cameo Parkway. Waliouza CD za twist kabla ya hapo walijaza pengo kwa marudio, na nyingi ya CD hizo bado zinazunguka katika maduka ya mitumba.

Wakati mwingine mtego uko kinyume, yaani rekodi ni ya zamani mno. Buddy Holly aliirekodi "That'll Be the Day" mara mbili: kwanza kwa Decca mjini Nashville mwaka 1956, kisha Clovis, New Mexico, mwanzoni mwa 1957. Iliyopanda chati ni ya Clovis. Ile ya Nashville ni yake kweli, ila ukiipata peke yake hujapata wimbo ulioufuata dukani.

Geuza jalada usome

Ukaguzi huu hauchukui dakika mbili. Tafuta kwanza maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema "re-recorded" au "new stereo recording". Mara nyingi huwekwa chini kabisa, kwa rangi inayokaribiana na ya karatasi. Ukiyaona, rudisha CD mahali pake.

Pili, tafuta herufi P iliyozungushiwa duara. Mbele yake huandikwa mwaka na mwenye rekodi. Mkusanyiko makini huandika mwaka na lebo ya kwanza ya kila wimbo: Specialty kwa Little Richard, Chess kwa Chuck Berry, Sun kwa Jerry Lee, Imperial kwa Fats Domino. Ukikuta mwaka wa mkusanyiko tu na jina la kampuni usilopata kulisikia, sikiliza kwanza kabla ya kulipa.

Tatu, angalia stereo. Nyimbo zilizovuma kati ya 1954 na 1957 karibu zote zilitoka kwa mono. Wimbo wa 1956 ukiwa na ngoma sikio la kushoto na gitaa sikio la kulia, shuku marudio. Santuri za miaka ya 1960 zina kasoro nyingine: rekodi za mono zilizolazimishwa kuwa stereo kwa kuongezwa mwangwi wa bandia. Rekodi ni halisi, lakini imevikwa nguo isiyo yake.

Nne, hesabu nyimbo. Nyingi hazifiki dakika tatu, na CD moja hubeba takriban dakika 75 hadi 80, kwa hiyo nyimbo 28 au 30 zinaenea bila kubanwa. CD ya nyimbo 10 au 12 inakuuzia nafasi tupu.

Daraja la bei chee: seti za Ulaya

Katika maduka ya Uingereza, seti ya CD tatu au nne yenye nyimbo 60 hadi 100 huuzwa takriban paundi 5 hadi 8. Kampuni kama Not Now Music zimejijengea biashara hapo. Bei hiyo haitokani na wizi, inatokana na sheria. Ulaya ililinda rekodi kwa miaka 50. Mwaka 2013 ulinzi ukaongezwa hadi miaka 70, lakini rekodi zilizokwisha kutoka kwenye ulinzi hazikurudishwa. Ndiyo maana karibu kila kilichotolewa kabla ya 1963 kinaweza kuchapishwa huko na yeyote. Marekani ni kinyume: kwa sheria ya 2018, rekodi za 1957 hadi mapema 1972 zinalindwa hadi Februari 2067.

Faida yake ni kubwa. Nyimbo nyingi ni halisi, kila mmoja unagharimu kama peni 10 au chini, na Elvis Presley yumo. Hilo la Elvis si dogo. Katika mikusanyiko ya Kimarekani ya wasanii mbalimbali mara nyingi hayupo, kwa kuwa kampuni yake, RCA, iliibana sana mali yake. Albamu ya filamu ya "American Graffiti" ya mwaka 1973 ina nyimbo 41 za enzi hizo, na Elvis hamo hata mara moja.

Hasara zake ni mbili. Mchapishaji hana kanda mama, kwa hiyo hunakili kutoka kwa CD ya mwenzake au santuri kuukuu, na baadhi huchuja mkwaruzo mpaka matoazi yanakuwa butu. Ya pili ni ya haki. Mtunzi au mrithi wake bado anadai chake, maana utunzi hulindwa kivyake. Aliyeimba na mwenye rekodi hawapati kitu. Kama hilo linakukera, panda daraja.

Daraja la kati: CD moja yenye kibali

Hapa ndipo fedha yako inafanya kazi zaidi. Kwa mpenzi wa Chuck Berry kuna "The Great Twenty-Eight", iliyotolewa na Chess mwaka 1982: nyimbo 28, zote rekodi za Chess, na CD yake ya mtumba mara nyingi haizidi dola 10. Kwa Little Richard, tafuta "The Georgia Peach" ya Specialty ya mwaka 1991, nyimbo 25. Kwa Jerry Lee, "18 Original Sun Greatest Hits" ya Rhino, ambayo neno Sun katika jina lake ndilo hasa unalolilipia.

Anayetaka wasanii mbalimbali aangalie "The Golden Age of American Rock 'n' Roll" ya kampuni ya Ace ya London, mfululizo ulioanza mwaka 1991. Kila juzuu ina nyimbo 30 na kijitabu kinachoeleza kila wimbo ulitoka wapi. Ace hulipia kibali na hutafuta kanda mama. Kwa takriban paundi 12, kila wimbo unakuangukia peni 40: mara nne ya seti za bei chee, ila utasikia hata pumzi ya mwimbaji. Zaidi ya hapo, Ace huchanganya nyimbo maarufu na zile zilizovuma kidogo zikazama, kwa hiyo hulipii "Tutti Frutti" kwa mara ya tatu. Marudufu haya ndiyo gharama ambayo wengi hawaipigii hesabu: ukinunua mikusanyiko mitatu ya "nyimbo bora za miaka ya hamsini", nusu ya fedha inaweza kwenda kwenye nyimbo ulizonazo.

Daraja la juu: maboksi

Boksi linafaa kwa aliyekwisha kujua anachokipenda. "Loud, Fast & Out of Control" ya Rhino, ya mwaka 1999, ina CD nne na nyimbo 104 za roki yenye fujo, na ni darasa kamili kwa mtu mmoja. "The King of Rock 'n' Roll" ya mwaka 1992 ina CD tano na rekodi 140 za Elvis za miaka ya 1950. Maboksi yote mawili hupatikana zaidi kwa mtumba, na bei hutegemea kama kijitabu kimo.

Juu yake kuna Bear Family ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1975. CD yake moja hugharimu karibu yuro 16, na maboksi yake makubwa hufika mamia. Boksi lao la Chuck Berry la mwaka 2014 lina CD 16 zenye rekodi zake zote za studio. Kumbuka maana ya neno zote: marudio ya Mercury yale tunayoyakwepa yamo pia. Kwa mtafiti ni hazina. Kwa anayetaka muziki wa sebuleni Jumapili, ni kulipia ghala wakati alihitaji kapu.

Santuri na mtandao

Santuri mpya huuzwa dola 20 hadi 35 kwa nyimbo 10 hadi 14, kwa hiyo ndiyo ghali kuliko zote ukigawa kwa wimbo. Unalipia jalada kubwa na raha ya kuiweka sindano. Za mtumba ni nafuu, ila jihadhari na zile za kampuni ya K-tel zilizobanwa nyimbo 20 na zaidi: mifereji huwa myembamba, sauti hufifia, na baadhi ya nyimbo zilikatwa mwisho ili zienee.

Anayelipia huduma ya mtandao kwa mwezi tayari anazo nyimbo hizi, lakini akiandika jina la wimbo ataletewa marudio pamoja na halisi bila kutenganishwa. Dawa ni kutafuta albamu ya wakati ule badala ya wimbo: "Here's Little Richard" ya 1957, "The 'Chirping' Crickets" ya 1957, "Elvis Presley" ya 1956. Masikio yako yakiisha kuzoea rekodi halisi, marudio utayatambua kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Gharama ya njiani

Anayeagiza kutoka ng'ambo aongeze posta, ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania. Santuri ni nzito na hupinda kwa joto. CD ikitolewa kwenye kasha lake la plastiki na kutumwa na karatasi zake tu, mzigo hupungua sana. Mwenye ndugu anayerudi likizo kutoka London au Dubai amwombe kistaarabu: CD nne ndani ya begi si mzigo, boksi la Wajerumani ni kilo za watu.

Chagua hivi

Asiyejua kama muziki huu utamfaa aanze na mtandao, kwa albamu tatu nilizozitaja. Mwenye bajeti ndogo anayetaka kitu cha mkononi achukue seti moja ya Ulaya, moja tu, baada ya kuhakiki maandishi madogo. Anayenunua mara moja na kumaliza achukue "The Great Twenty-Eight" na juzuu ya kwanza ya Ace: CD mbili, nyimbo 58, kwa gharama isiyofika hata nusu ya santuri mbili mpya zilizo ghali. Mimi ningeanzia hapo, na boksi ningelisubirisha mpaka CD hizo mbili zichoke kwa kupigwa.