KIAMBU: JIRANI ANAYETULISHA

Ukisimama hapa Ngara asubuhi utaona matatu za Ruiru, Juja na Thika zikimwaga watu. Watu hao wote walilala Kiambu. Je, waijua kaunti hiyo?

Kiambu imeikumbatia Nairobi kaskazini na magharibi. Machakos iko mashariki na Kajiado kusini. Zamani ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kati, lakini kufuatia katiba ya 2010, ilipata gavana wake mwaka wa 2013. Ina maeneo bunge 12. Juu kwenye baridi kuna Limuru, Lari na Githunguri. Chini kwenye joto kuna Ruiru, Juja na Thika.

Chukua kikombe cha chai ya saa nne. Majani? Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka wa 1903. Maziwa? Wafugaji wa Githunguri waliunda chama chao cha ushirika mwaka wa 1961, na maziwa yao yamejaa madukani mwetu. Maji nayo? Chemchemi za Kikuyu na bwawa la Ruiru ziko Kiambu. Hata maji ya Ndakaini, kule Murang'a, husafishwa kwanza Ng'ethu, Gatundu, ndipo yaje kwetu. Labda sukari tu ndiyo ya kwingine!

Lakini jirani huyu anabadilika. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 Kiambu. Ile ya 2019 ilipata 2,417,735. Kodi ya nyumba huko ni nafuu, na tangu 2012 barabara kuu ya Thika ni pana. Basi mikahawa inang'olewa, ploti zinauzwa, gorofa zinaota.

Tazama Githurai. Upande mmoja ni 44, ulio Nairobi. Wa pili ni 45, ulio Kiambu. Majina yenyewe ni namba za matatu! Mama anayeishi 45 na kuuza nguo Ngara hulipa ushuru wa soko Nairobi, ilhali taka za mtaani kwao na zahanati ya mtoto wake ni mzigo wa Kiambu. Je, hiyo ni haki?

Ufini nao walikutana na jambo hili. Wilaya ya mashambani iliyozunguka mji wa Jyväskylä iliunganishwa na mji huo mwaka wa 2009. Ile ya kando ya Helsinki ilikua hadi ikawa mji wenyewe, Vantaa, mwaka wa 1974.

Kwa maoni yangu, kaunti zetu mbili zigawane gharama, na mashamba yaliyobaki yalindwe kwa sheria. Mpaka waweza kusogezwa kwa kalamu, lakini shamba likishamwagiwa saruji halirudi tena. Usiache mbachao kwa msala upitao.