Je, Wajua? Darasa Lililofichwa Jikoni

Je, wajua kwamba mjini Savannah, katika jimbo la Georgia huko Marekani, ambako sheria ya mwaka 1829 iliharamisha kumfundisha mtu mweusi kusoma, awe mtumwa au muungwana, watoto 25 hadi 30 walisomeshwa kwa siri jikoni mwa mjane mmoja? Vitabu walivizungushia karatasi ili askari wasivitambue. Langoni waliingia mmoja mmoja, na majirani waliowaona walidhani wanakwenda kujifunza kazi za mikono. Nao walipotoka, walitoka vivyo hivyo, kisha wakangojana uwanjani.

Miongoni mwao alikuwamo binti mtumwa, aliyezaliwa mwaka 1848, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Susie King Taylor. Mwaka 1862, hali umri wake haujazidi miaka 14, naye huyo, ajabu iliyoje, akawa mwalimu katika kisiwa cha St. Simons: mchana watoto wapatao 40, usiku watu wazima waliojaa shauku ya elimu.

Na huko Missouri, ilipopitishwa sheria kama ile ya Georgia mwaka 1847, yasimuliwa kwamba mchungaji John Berry Meachum aliihamishia shule yake ndani ya meli ya mvuke, katikati ya mto Mississippi, ambako mamlaka ya jimbo hayakufika.