Kampuni ya pombe ikivunja mkataba, msambazaji ana kinga gani?

Msambazaji anapopewa eneo na kampuni ya pombe hujenga bohari, huchukua mkopo, hununua malori na kuajiri madereva. Kisha barua inafika: mkataba umekatizwa, au eneo lake amepewa mwingine. Anayekimbilia kaunti kwa sababu ndiyo iliyompa leseni hataambulia kitu. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Mzozo wa mkataba huenda mahakamani au kwa msuluhishi.

Hata kujua ni wapi kati ya hizo mbili kunaweza kuchukua miaka. Kampuni ya Bia Tosha, iliyokuwa ikisambaza bidhaa za Kenya Breweries jijini Nairobi, ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016. Ilidai kunyang'anywa maeneo ambayo ilikuwa imeyalipia gudwili ya takriban Sh38 milioni. Kenya Breweries ikasema mkataba unataka mzozo upelekwe kwa msuluhishi, na Mahakama ya Rufaa ikakubali. Februari 2023, Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi huo: madai kwamba haki za kikatiba zimekiukwa yanaweza kusikizwa na Mahakama Kuu, hata kama wanaozozana ni kampuni za kibinafsi. Karibu miaka saba, na swali kubwa lililojibiwa lilikuwa mahali pa kusikizia kesi.

Uamuzi huo haukufuta vipengele vya usuluhishi. Chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kampuni iliyoshtakiwa bado inaweza kuomba kesi isimamishwe, mradi iombe mapema, kabla ya kuanza kujitetea. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu msambazaji kuomba Mahakama Kuu amri ya muda ya kulinda mali yenye mzozo wakati usuluhishi unasubiriwa. Wengi hawaijui njia hii, na eneo likishagawiwa wengine ni vigumu kulirudisha.

Ndiyo maana mkataba usomwe kabla ya kalamu kushikwa, tena kuanzia mwisho, kwenye sehemu ya kuachana. Notisi ni ya siku ngapi? Nani atanunua bia iliyobaki bohari? Amana ya makreti na chupa tupu itarudishwa lini, na dhamana ya benki itaachiliwa vipi? Gudwili iandikwe kiasi chake, imelipwa nani na kama hurudishwa. Ahadi ya meneja wa mauzo kwa simu ni ngumu kuithibitisha, hasa meneja huyo akihamishwa.

Kuvunjwa kwa mkataba hakufuti leseni. Msambazaji aliye na leseni halali anaweza kuuza bidhaa za kampuni nyingine hadi muda wake uishe, isipokuwa kama mkataba wa zamani una kipengele kinachomzuia kufanya kazi na washindani.