Duma: wawili tu, na kelele zao zikavuka mipaka

Ukipita Rwambuzi saa ya mangaribi, masikio yanakutana na rumba, sebene na nyimbo za kwaya. Muziki wa metali ni kitu kingine: gitare zinanguruma, batri inakimbia, mwimbaji anapiga kelele kama mtu anayefukuzwa. Wengi wakiusikia wanasema ni wa shetani. Lakini Nairobi kuna vijana wanaoupiga tangu miaka mingi, na kikundi kimoja kiliufikisha mbali: Duma.

Kwa Kiswahili, duma ni mnyama wa mbio. Hapa sivyo: jina limetoka katika Kikikuyu, maana yake giza.

Walikuwa wawili tu, Martin Khanja kwenye mikro na Sam Karugu kwenye gitare. Wote walikwisha kupita katika vikundi vingine vya metali vya Nairobi. Mpiga batri hawakuwa naye. Ordinateri ndiyo ilishika kazi yake. Albamu yao ya kwanza, yenye jina lao, ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, mji ambao wafanyabiashara wa Bunia wanaujua vizuri. Kutoka pale ikasikilizwa mpaka Ulaya na Marekani. Mwaka 2024, Khanja alitoa albamu yake peke yake, The Adept, kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu.

Kwa kijana anayengoja kwanza batri, sono na mfadhili, njia yao inasema jambo moja: hawakungoja vyombo vikamilike, na mlango wa kwanza ulifunguliwa na jirani.