Vijana wa Kimasai na Chama Chao cha Kriketi

Sisi tukaao pande za Kinondoni na Temeke twawajua Wamasai. Jioni twawaona wakipita na fimbo zao, wamejifunga shuka nyekundu, wakienda kulinda malango ya watu usiku kucha. Mchana twawaona wameketi kivulini, wengine wakisuka watu nywele, wengine wakiuza dawa za mizizi. Twawasalimu, twapita, na habari zao zaishia hapo. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kusikia ya kuwa wako vijana wa Kimasai walioanzisha chama cha mchezo wa kriketi kijijini kwao, wakavuka bahari kwenda kuucheza Uingereza, na kwa sababu ya mchezo huo wakapata kinywa cha kusema na wazee wao juu ya jambo zito? Habari za vijana hao ndizo tupendazo kuwaletea mwezi huu, maana zina funzo kwa baba na mama, na kwa walimu pia.

Kwanza na tuueleze mchezo wenyewe, kwa ajili ya wale wasioujua. Kriketi huchezwa na watu 11 kila upande. Katikati ya uwanja husimamishwa vijiti 3 huku na vijiti 3 kule, na kati yao ni mwendo wa yadi 22, yaani kama mita 20. Mchezaji mmoja hurusha mpira mgumu wa ngozi ili aviangushe vijiti. Mwingine husimama mbele ya vijiti na gongo bapa la mbao, avilinde, na akiweza aupige mpira mbali, apate nafasi ya kukimbia toka vijiti hivi hata vile. Kila akimbiapo akafika salama, huhesabiwa alama moja. Ni mchezo wa uvumilivu, na aliye na haraka hutoka upesi.

Mchezo huu si mgeni hapa Dar es Salaam. Waingereza na Wahindi waliucheza miaka mingi katika vyama vyao, na kwa muda mrefu watoto wa Kiafrika waliutazama toka nje ya ua, kisha wakarudi kwenye chandimu yao uchochoroni. Siku hizi mambo yamebadilika. Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 timu za nchi 6 zilikuja kushindana katika viwanja vya mji wetu, na kimojawapo kilikuwa hapa Kinondoni. Waliotwaa ushindi ni Waafghani, ambao wengi wao walijifunza kriketi katika kambi za wakimbizi huko Pakistani. Na mwaka 2025 vijana wa Tanzania walio chini ya miaka 19 walipata, kwa mara ya kwanza, nafasi ya kwenda kwenye Kombe la Dunia la umri wao la mwaka 2026. Jirani zetu wa Kenya walitutangulia, kwani mwaka 2003 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wakubwa. Walakini hizo zote ni timu za mataifa. Sisi leo twataka kusimulia habari za chama cha kijiji tu.

Kijiji hicho chaitwa Il Polei, nacho kiko Laikipia katika nchi ya Kenya, upande wa kaskazini wa mji wa Nanyuki. Ni nchi kavu, yenye miiba na vumbi jekundu, na mali ya watu wa huko ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua ikikosa, vijana huhama na mifugo kwenda kutafuta majani mbali. Hapana mtu ambaye angedhani ya kuwa kriketi ingeota mizizi mahali kama pale.

Mwaka 2007 alifika huko Bibi Aliya Bauer, mwenyeji wa Afrika ya Kusini. Hakuja kwa ajili ya michezo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maisha ya nyani. Lakini yeye alikuwa mpenzi wa kriketi tangu zamani, na huko porini aliukosa mchezo wake. Basi akaagiza magongo na mipira, akaenda katika shule ya kijiji, akaanza kuwafundisha watoto. Tena angalieni, wasomaji, mahali alipoanzia. Hakuwaita wakubwa, wala hakujenga uwanja. Alianza na watoto wa shule, juu ya ardhi ile ile wachezeayo kila siku.

Vijana wa umorani wakawa wakipita, wakasimama kutazama. Mwanzoni waliona ni mchezo wa watoto. Hata wengine walipojaribu kuurusha mpira, wakaona mkono unajua kazi ile. Tangu utotoni Mmasai hujifunza kutupa mkuki na kuilenga shabaha, naye hujifunza kujikinga kwa ngao. Basi kurusha mpira wakakufananisha na kutupa mkuki, na gongo wakalifananisha na ngao ya kulinda vijiti kama mtu alindavyo mifugo yake. Hivyo mchezo wa wageni ukapata lugha ya nyumbani, nao wakaupenda. Wakakusanyika vijana wa vijiji mbalimbali vya Laikipia, wakafanya timu moja, wakamchagua Sonyanga Ole Ngais awe nahodha wao. Jina la timu kwa Kiingereza ni Maasai Cricket Warriors, maana yake mashujaa wa Kimasai wa kriketi.

Jambo moja liliwashangaza watu wote waliowaona. Desturi ya kriketi tangu kale ni kuvaa nguo nyeupe toka shingoni hata miguuni. Vijana hawa hawakuivua shuka yao. Walicheza wamejifunga shuka nyekundu, shanga shingoni na mikononi, na mapambo yao kichwani. Mtu akikimbia, shanga zikalia. Hawakuona haya, wala hawakujifanya watu wengine ili mchezo uwakubali. Mchezo ndio uliokuja kwao ukawakuta walivyo.

Hata mwaka 2012 walisafiri mpaka Cape Town, huko Afrika ya Kusini, kushindana na timu za watu wachezao kwa kupenda, si kwa mshahara. Mwaka 2013 wakaenda Uingereza, katika mashindano ya timu za namna hiyo zilizotoka nchi mbalimbali. Mashindano hayo yana kanuni iliyofupishwa: kila upande huwa na watu 8 tu, na mchezaji wa mwisho aliyebaki huruhusiwa kuendelea kupiga peke yake. Vijana wetu hawakwenda huko kama mabingwa. Walikwenda kama watu waliojifunza ukubwani, juu ya ardhi yenye mawe, na waliocheza nao walikuwa wameshika gongo tangu utoto. Mwaka 2015 Barney Douglas alitoa sinema juu ya habari zao, iitwayo Warriors. Na mwezi wa Juni mwaka ule ule walicheza na askari wa Kiingereza katika hifadhi ya Ol Pejeta, ili watu wakumbuke kifaru mweupe wa kaskazini, ambaye dume wake mmoja tu alikuwa amesalia duniani, jina lake Sudan. Dume huyo alikufa mwezi wa Machi mwaka 2018.

Sasa tumefika penye kiini cha habari yetu.

Katika desturi za Wamasai wa zamani, msichana hukeketwa kabla ya kuolewa. Akisha kukeketwa huhesabiwa kuwa mtu mzima, naye huozwa; na wengi wakiozwa huacha shule, hata kama ni watoto wa miaka 13 au 14. Ubaya wa kukeketwa wajulikana. Wako watokwao na damu nyingi, wako wapatwao na maradhi kwa sababu ya kisu kichafu, na taabu yenyewe humrudia mwanamke tena siku ya kujifungua. Mwaka 2006 Shirika la Afya la Dunia lilitoa habari za wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwamo. Ilionekana ya kuwa waliokeketwa walipatwa zaidi na kutokwa na damu nyingi, na kupasuliwa ili mtoto atoke, na watoto wao walikufa zaidi kuliko watoto wa wengine.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku jambo hili, na mwaka 2011 ikatunga sheria kali. Lakini sheria yakaa mjini, na desturi yakaa nyumbani. Mama akisema, "Binti yangu simkeketi," huulizwa, "Nani atamwoa?" Swali hilo ndilo kufuli ya mlango wote. Na ufunguo wake hauko mkononi mwa mama, wala wa binti, wala wa askari. Uko mkononi mwa kijana atakayekuja kuposa.

Hapo ndipo vijana wa kriketi walipojipatia kazi. Walikuwa wakizunguka kuwafundisha watoto mchezo mashuleni, wavulana na wasichana pamoja. Kikaja chama cha hisani cha Uingereza, kiitwacho Cricket Without Boundaries, kilichoanza mwaka 2005, ambacho huchanganya mafundisho ya kriketi na mafundisho juu ya ukimwi na afya. Basi vijana wakawa wakifundisha kurusha na kulinda vijiti, na baada ya mchezo wakisema na watoto juu ya kujilinda miili yao. Kisha wakajitia moyo kusema na wazee. Si jambo dogo kwa kijana wa Kimasai kusimama mbele ya wazee na kutaka desturi ibadilishwe. Walisema wazi ya kuwa wao, walio vijana wa kuoa, hawataki dada zao wakeketwe wala waozwe wangali watoto.

Wazee wana neno lao, na sisi sote twalijua: mwacha mila ni mtumwa. Tusilidharau neno hilo. Mtu asiye na mila ni kama mti usio na mizizi. Lakini watazameni wasemaji wenyewe. Kama vijana wale wangalivaa suruali na kofia, wakarudi toka mjini na kuwacheka baba zao, wangalifukuzwa. Walikuja wamevaa shuka, wakiongea Kimasai, wakitoka kuchunga ng'ombe wa baba zao. Nani angewaambia kwamba wameiacha mila? Walionyesha kwa miili yao ya kuwa Mmasai aweza kuliacha jambo moja baya na kubaki Mmasai. Ndiyo maana walisikilizwa, ingawa kusikilizwa si kumaliza kazi.

Kazi yenyewe ni ndefu. Hesabu ya Kenya ya mwaka 2014 ilionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa nchi nzima, 21 walikuwa wamekeketwa. Lakini kwa Wamasai walikuwa 78. Mwaka 2022 hesabu ya nchi nzima ilishuka mpaka 15. Hatusemi kwamba kriketi ndiyo iliyoishusha. Waliofanya kazi hiyo ni wengi, walimu, wauguzi, mama wenye ushujaa na mabinti waliokimbia usiku. Twasema tu ya kuwa vijana wa kiume nao waliingia kazini, na bila wao swali la "nani atamwoa" halina jibu.

Labda msomaji wetu wa Temeke atasema, "Hayo ni ya Wamasai wa Kenya, yatuhusu nini sisi watu wa mjini?" Ndugu, yatuhusu. Kwetu Tanzania hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha wanawake 8 katika kila 100. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilionyesha 58 kwa mia katika mkoa wa Manyara, 47 Dodoma, 41 Arusha, 32 Mara na 31 Singida. Watu wa mikoa hiyo ni jirani zetu hapa hapa. Tumepanga nyumba moja na kuteka maji bomba moja. Tena huko Tarime msimu wa kukeketa huangukia Novemba na Desemba, wakati shule zimefungwa na watoto wa mjini wanapelekwa kumsalimu bibi. Sheria yetu ya mwaka 1998 yamwadhibu mzazi au mlezi anayemkeketesha msichana aliye chini ya miaka 18: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Lakini binti akisha kuumia, kifungo cha baba yake hakimponyi. Afadhali baba aseme neno lake kabla ya tiketi ya basi kukatwa, nalo liwe wazi, na bibi huko kijijini alipate kwa kinywa cha mwanawe mwenyewe.

Na ninyi walimu, na ninyi wenye kuangalia timu za vijana mitaani, mna mali mikononi. Jioni wavulana hukusanyika kwenu kwa hiari yao. Hakuna aliyewaita kwa kengele. Watatoka jasho, watacheka, kisha wataketi chini kunywa maji. Dakika 10 zile za kuketi ni darasa. Katika dakika kama zile vijana wa Laikipia walizungumza habari za dada zao, na mazungumzo hayo yakafika mpaka mbele ya wazee.

Basi kesho jioni ukimkuta kijana wa Kimasai langoni mwa jirani yako, usipite na salamu tupu. Muulize habari za kwao na za dada zake. Kisha urudi nyumbani, uketi na wanao wa kiume, uwaulize nao swali lile la wazee, na usikilize watakavyojibu.