Chupa Tupu Ni Mzigo wa Nani?

Jua linapotua katika Bulumbi, wilaya ya Busia mashariki ya Uganda, wenye maduka hufunga milango yao na kuhesabu fedha walizopata mchana. Kuna kitu kimoja ambacho hakihesabiwi na mtu yeyote. Ni chupa tupu za maji na soda, karatasi za biskuti na vipakiti vya sabuni ya unga vilivyotapakaa kando ya njia. Mvua ikinyesha usiku, vitu hivyo huzoleka na kuingia mitaroni, na maji yakikosa njia hugeukia nyua za watu. Asubuhi mama wa nyumbani hufagia, akakusanya chungu nzima na kuitia kiberiti. Moshi mweusi wenye harufu kali huingia hata chumbani alimolala mtoto.

Katika biashara hiyo, kila mtu amekwisha pata haki yake. Mwenye kiwanda amepata faida yake, mwenye lori nauli yake, na mnywaji amekata kiu. Chupa peke yake ndiyo haina mwenyewe. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliyeitengeneza na kuiuza, chupa ile ni nyepesi kama usufi. Uzito wake humwangukia yule mama mwenye ufagio.

Siku hizi nchi nyingi zinauliza swali lililo wazi: kwa nini anayeleta chupa sokoni asilipie pia kuiondoa barabarani?

FUNZO LA CHUPA YA KIOO

Wazee wa Busia na Tororo hawalioni swali hilo kuwa geni. Walikuwa wakinunua soda ya chupa ya kioo kwa kurudisha chupa tupu, au kwa kuacha amana dukani. Chupa iliyosahauliwa chini ya mti haikukaa muda mrefu; mtoto aliiokota na kuipeleka dukani, kwa kuwa ilikuwa na thamani. Kiwanda nacho kiliitaka chupa yake ili kiioshe na kuijaza tena. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa usafi.

Ilipoingia chupa ya plastiki, desturi hiyo ilivunjika. Kiwanda kiliuza kinywaji pamoja na chupa, na wajibu wake ukakomea mlangoni.

Mnamo 1990 mtaalamu wa Sweden, Thomas Lindhqvist, alieleza kanuni ya kurefusha wajibu huo: mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika na kutupwa. Mwaka 1991 Ujerumani ilitunga amri iliyowalazimisha wenye viwanda na maduka kushughulikia vifungashio vya bidhaa zao. Makampuni yaliungana katika chombo kimoja, yakakilipa ada, nacho kikakusanya taka nyumba kwa nyumba. Ada ilipimwa kwa uzito na aina ya kifungashio, na waliolipa waliruhusiwa kupiga chapa ya doti ya kijani juu ya bidhaa zao. Tangu 2003 Wajerumani wameongeza amana ya senti 25 za yuro kwa chupa na mikebe mingi ya vinywaji inayotumika mara moja. Hivyo ile desturi ya chupa ya kioo imerudi kwa plastiki.

ADA INAVYOFANYA KAZI

Afrika haikubaki nyuma. Katika Afrika ya Kusini, watengenezaji wa chupa za plastiki walianza kuchanga kwa hiari mwaka 2004, na mwaka 2021 mchango huo ukawa wa lazima kwa sheria. Kenya ilifuata njia hiyo hiyo. Chombo cha hiari cha wenye chupa za plastiki kilianza 2018. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ikapitishwa 2022, na kanuni za wajibu wa wazalishaji zikatangazwa 2024.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mzalishaji hujiandikisha kwa mamlaka ya mazingira. Hujiunga na chombo cha wazalishaji wenzake au hutayarisha mpango wake mwenyewe. Hutoa hesabu ya vifungashio alivyopeleka sokoni, kisha hulipa ada. Fedha hizo huwasaidia wakusanyaji, wasafirishaji na viwanda vinavyosaga plastiki na kuitengeneza upya.

Msaada huo unatakiwa kwa sababu ya uzito. Chupa ndogo ya soda ina gramu 20 hivi. Basi mwokotaji hana budi kuinama mara 50 ili apate kilo moja. Gari likitoka Bulumbi kwenda kiwandani likiwa limejaa chupa, sehemu kubwa ya shehena yake ni hewa. Bila ada, bei ya plastiki huenda isitoshe hata mafuta ya gari. Kipakiti cha sabuni kina taabu zaidi, maana ni chepesi mno na wanunuzi wake ni adimu.

Mwenye kutunza fedha za nyumba atauliza kama bei ya soda haitapanda. Kwa kweli mwenye kiwanda anaweza kumtwisha mnunuzi ada hiyo. Lakini chukua mfano: kama ada ingekuwa shilingi 500 za Uganda kwa kilo, kila chupa ingebeba shilingi 10 tu. Tena mwananchi analipa tangu zamani, ila hapewi risiti. Hulipa kwa kodi inayozibua mitaro, kwa ng'ombe aliyemeza plastiki, na kwa kikohozi cha mtoto. Tarehe 10 Agosti 2024, jaa la Kiteezi karibu na Kampala liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Hiyo nayo ni gharama ya taka zisizo na mwenyewe.

Hata hivyo, mwananchi ana haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi. Mwaka 2024, Muswada wa Fedha wa Kenya uliokuwa na ushuru wa mazingira ulipingwa vikali, na Rais akakataa kuutia sahihi. Ushuru huingia katika hazina ya serikali na huweza kutumika kwa mambo mengine. Ada ya wazalishaji imekusudiwa kukusanya taka na kuzitengeneza upya, na kazi hiyo haina budi kuonekana kwa macho. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MPAKANI

Kwa wakazi wa Busia na Malaba, jambo hili lina uzito wa pekee. Soda iliyojazwa Kampala yaweza kunywewa Kenya, na maji yaliyojazwa Nairobi yakanywewa Tororo. Chupa ikitupwa katika mto Sio, hufuata maji hadi Ziwa Victoria bila kuonyesha pasipoti. Kanuni za Kenya zinamhesabu mwenye kuingiza bidhaa kuwa mzalishaji. Uganda nayo imeuandika wajibu wa mzalishaji katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na katika Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020. Lakini sheria peke yake haiokoti chupa.

Hapo ndipo kazi ya askari wa mpakani inapoingia. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mifuko iliendelea kupenyezwa kwa njia za panya kutoka Uganda. Ndivyo itakavyokuwa kwa ada. Katoni iliyovushwa kwa baiskeli usiku haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Haikulipiwa kitu, lakini chupa zake zitaokotwa kwa fedha za mfanyabiashara mwaminifu. Askari anayeikamata analinda mapato ya taifa, na pia anaulinda mfuko wa kusafisha mji anamoishi mkewe na watoto wake.

NYUMBANI

Familia haina haja ya kungoja. Weka gunia moja kwa chupa za plastiki pekee, mbali na maganda na majivu. Suuza chupa kwa maji kidogo, kamua hewa yake, kisha rudisha kifuniko. Chupa safi hupokewa upesi na mnunuzi kuliko ile yenye matope. Chupa ya dawa ya mimea isichanganywe na nyingine wala isitiwe maji ya kunywa kamwe. Soda ya chupa ya kioo inapopatikana dukani, inunue hiyo na urudishe chupa. Na plastiki isichomwe uani.

Katika kambi yenye nyumba 40, kila nyumba ikiweka chupa 5 kwa juma, zitapatikana chupa 200, yaani kilo 4. Kilo 4 hazilijazi gari. Lakini ada ya mzalishaji ikifika mpaka Bulumbi, gari litakuja kutafuta kilo 4 za kambi hiyo, kilo 4 za shule ya jirani na kilo 10 za soko. Siku hiyo mama ataweka kiberiti chake jikoni, mahali pake.