Kiti Kwanza, Kisha Gunia

MENGO, Kampala – Chini ya kilima cha Mengo, katika vinu vya Kisenyi, unga haungoji mtu. Mwingi huondoka kwa lori na pikipiki, lakini baiskeli, ambayo Waganda huiita eggaali, bado ina kazi. Mbebaji hukagua kamba, breki na upepo wa magurudumu. Kiti hakigusi, na goti ndilo hulipa.

Wengi hushusha kiti mpaka chini ili miguu yote miwili ifike ardhini mzigo ukiyumba. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kiti kikiwa chini, goti hukunjwa mno kila pedeli inapozunguka, na maumivu huanzia mbele ya goti. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia, na maumivu huhamia nyuma ya goti.

Kipimo hakihitaji fundi. Mwenzio ashike baiskeli, nawe ukae na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukirudisha mguu mahali pake, yaani sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikae juu ya pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo. Hapo ndipo. Vaa kiatu unachosafiria, kwa sababu soli ya gambuti na ya ndala hazilingani. Anayeogopa kuanguka apandishe kiti kidogo kidogo, kama sentimita moja kwa siku kadhaa, na akisimama ainamishe baiskeli na kutua mguu mmoja. Zaidi ya yote, ateremshe gunia: mzigo mzito ukikaa chini kwenye keria, baiskeli hutulia.

Kiti kilale sawa. Pua yake ikielekea chini, mwili huteleza mbele na viganja hubeba uzito wote. Usukani nao uwe mahali ambapo viwiko havinyooki kabisa. Ukiupandisha, usivuke alama iliyochorwa kwenye shina lake, kwani shina likibaki fupi ndani ya bomba linaweza kung'oka njiani, tena ukiwa na gunia mgongoni.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua kazi hii kuliko wengi. Jina bodaboda lenyewe husemekana lilizaliwa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Mbebaji akilala nyumbani siku tatu kwa goti, mzigo wa mwenye duka nao umelala.

Baiskeli moja ikitumiwa na watu wawili wa zamu, kila mmoja achore alama yake ya rangi kwenye bomba la kiti. Na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, nati ikazwe tena, maana hulegea.